Kinga ya bodi ya pikapu: plastiki, mpira, kupulizia au bati?

Plastiki niliyoikuta kwenye bodi ya pikapu yangu, yaani sehemu ya nyuma ya kupakia mizigo, ilikuwa nyeusi, imekaa sawasawa, haina hata ufa. Gari lenyewe ni Hilux ya dabo kebini ya mwaka 2008. Siku ya kununua, muuzaji aliigonga ile plastiki kwa ngumi akaniambia rangi ya chini yake ni ya kiwandani, haijaguswa na kitu. Nikamwamini. Nikabeba samaki kutoka Tanga mjini hadi Korogwe na Lushoto kwa miaka miwili, kreti juu ya kreti, barafu ikiyeyuka njia nzima. Siku moja taa ya nyuma ikagoma, fundi umeme akataka kuufuata waya, tukafungua skrubu nne na kuinyanyua plastiki. Chini yake palikuwa na tope la mchanga na chumvi, unene wa kidole, bado bichi ingawa gari lilikuwa limekaa juani siku tatu. Fundi akaisimamisha bisibisi sakafuni akaisukuma kwa mkono mmoja. Ikapita hadi chini.

Tangu hapo nimefunga kinga za aina tatu kwenye magari mawili, langu na la kaka yangu anayefuga Handeni, na majirani kadhaa wamenishirikisha walipotaka kuchagua za kwao. Wauza vipuri wanaiita bedlaina, na watakuonyesha jinsi inavyozuia mikwaruzo. Mikwaruzo zote zinazuia. Mimi nauliza kwanza: maji yakiingia chini ya kinga hii, nitayaonaje, na yatatokea wapi?

Kinachoila bodi

Bodi za pikapu nyingi tunazoziona barabarani, iwe Hilux, Isuzu D-Max, Ford Ranger au Mitsubishi L200, ni bati la chuma jembamba lililokunjwa mifereji ili likaze. Kinachoshikilia maisha yake ni rangi na tabaka la chini ya rangi. Kreti inayoburutwa inakwaruza rangi. Jiwe linalorushwa kutoka begani linabonyeza bati na kupasua rangi hapohapo lilipoangukia. Vyote viwili vinaonekana, na mwenye gari makini anaweza kuvipaka rangi kabla havijawa donda.

Kutu ni habari nyingine. Inataka chuma, maji na hewa, na maji yakiwa na chumvi yanapitisha umeme vizuri zaidi, kwa hiyo ulaji unakwenda mbio. Sisi wa pwani chumvi inatufuata hata tusipobeba samaki, imo kwenye upepo. Wa bara wanayo yao: mkojo wa ng'ombe na mbuzi, mbolea ya chumvichumvi iliyomwagika kiroba kilipochanika, asidi ya betri ya sola iliyolala upande. Bodi iliyo wazi ikimwagiwa maji haya asubuhi, jua la saa sita linaikausha. Ukiweka juu yake kitu kinachozuia upepo lakini hakizuii maji, umeifunika chumvi ikiwa mbichi.

Ndiyo maana nazigawa kinga katika makundi mawili kabla hata ya kuzungumzia bei. Kuna zinazolala juu ya bati na kuacha nafasi, na kuna zinazogandamana na bati lenyewe. Za kundi la kwanza lazima zinyanyuke kirahisi. Za kundi la pili lazima zigandame kila mahali, pasibaki hata upenyo wa ukucha.

Plastiki ya kudumbukiza na mkeka wa mpira

Hizi mbili ndizo watu wengi wanazipima pamoja, kwa kuwa zote hazihitaji gereji. Plastiki inafinyangwa kwa umbo la bodi nzima, sakafu na kuta, pengine na kipande cha mlango wa nyuma. Imetengenezwa kwa poliethilini nzito, plastiki ya familia moja na madumu ya mafuta ya kupikia. Mkeka wa mpira unafunika sakafu tu.

Kwa mipigo, plastiki ina nguvu yake na sitaki kuinyima sifa. Ukirusha tofali au mawe ya msingi, ule unene na mifereji yake inautawanya mzigo wa pigo kabla haujafika kwenye bati. Kuta zinalindwa pia, na kwa anayebeba nondo, mabomba na mbao ndefu, kuta ndizo zinazoumia sana. Mkeka wa mpira wa milimita 8 au 10 unameza pigo vizuri sakafuni, lakini kuta unaziacha uchi.

Kwa utelezi, mambo yanageuka kabisa. Plastiki mpya inateleza, na ikiloana inateleza kama sahani yenye mafuta. Mara ya kwanza nilipopanda kona za Soni kuelekea Lushoto na kreti ambazo hazikufungwa vizuri, zilihama zote upande mmoja nikalisikia gari likiinama. Mpira unashika. Jiko la gesi, pipa, begi la vifaa vya fundi, vyote vinakaa pale ulipoviweka hadi uvitoe. Ukipanda nyuma na viatu vyenye tope kupakua, mpira hauwezi kukuangusha kirahisi. Kwa mtu anayefanya kazi peke yake, hili lina uzito kuliko muuzaji anavyokueleza.

Sasa kuhusu maji. Plastiki hii hutanuka kwa joto karibu mara kumi ya chuma. Bodi ya dabo kebini ina urefu wa mita moja na nusu hivi. Joto likipanda nyuzi 40 kutoka alfajiri hadi saa nane mchana, na weusi juani hufika huko bila shida, plastiki yenye urefu huo inarefuka karibu milimita 7, na chuma cha chini yake hakifikishi milimita moja. Usiku inarudi. Mchanga uliopenya katikati unasuguliwa mbele na nyuma kila siku, tena gari likiwa barabarani mtetemo unaongeza kazi. Ule mchanga ni msasa. Unakula rangi polepole, kisha maji ya chumvi yanakuta chuma kikiwa wazi. Skrubu za kuishikilia nazo zimetoboa bodi, na kila tundu ni mahali ambapo kutu imekaribishwa. Fundi akikufungia plastiki, mwambie apake rangi ya kuzuia kutu ndani ya kila tundu kabla ya kuingiza skrubu, na usiondoke mpaka umemwona akipaka.

Mpira nao unaweza kufungia maji, mtu asikudanganye. Tofauti ni kwamba unauvuta kwa mikono miwili, unaukunja, unamwaga ndoo ya maji, unauanika ukutani, dakika kumi. Chagua wenye vinundu au mifereji upande wa chini ili hewa ipite. Uliosawazika pande zote mbili unanyonya bati kama ulimi, na maji yaliyoingia hayatoki. Kama unabeba dizeli au mafuta machafu ya injini, uliza umetengenezwa kwa mpira gani, maana mpira wa kawaida huvimba na kulainika ukilowa mafuta. Kuna wanaonunua mikanda chakavu ya kusafirishia mawe viwandani na kuikata kwa kipimo cha bodi. Ni mizito na ina nyuzi ndani, lakini haifi.

Umbo nalo lina maneno. Plastiki ya Hilux iliyotoka kati ya 2004 na 2015, ile wanayoiita Vigo, haiingii kwenye Revo iliyoanza 2015, hata muuzaji akisema ataikata kidogo pembeni. Ikikaa vibaya inacheza, na ikicheza inasaga. Angalia pia ukingo. Nyingine zinapanda juu ya kingo za bodi na kuzifunika, nyingine zinaishia chini yake. Ukipanga kuweka kanopi au kifuniko cha turubai baadaye, chukua inayoishia chini, la sivyo kanopi haitakaa ikabana na mvua itaingia yote.

Kwa wanaonunua pikapu iliyotumika, naomba tusikilizane hapa. Toyota haikuuza Hilux mpya Japani kati ya 2004 na 2017. Kwa hiyo Hilux nyingi za miaka hiyo zinazotufikia zimetokea Thailand, Afrika Kusini, Australia au Uingereza, na nyingi zinakuja na plastiki tayari imefungwa. Ya Uingereza imepita kwenye barabara zinazomwagwa chumvi majira ya baridi ili barafu isigande. Plastiki ikiwa imefungwa, usinunue mpaka ifunguliwe mbele yako. Ni skrubu chache. Mwenye gari zuri hatakataa, na akikataa, ahirisha malipo hadi akubali. Mimi ningeuliza hilo swali moja mwaka ule, ningeokoa gharama ya kukata sakafu nzima na kuchomelea nyingine.

Petroli na umeme tuli

Nimeona wavuvi wakijaza petroli ya injini za boti kwenye madumu yaliyo nyuma ya pikapu, kituoni, bila kuyashusha. Nimefanya hivyo mwenyewe, kwa kuwa dumu la lita 20 likijaa ni shida kulipandisha. Tafadhali tuache.

Dumu likitelezateleza juu ya plastiki njiani, msuguano unazalisha umeme tuli, ule unaokushtua ukivua sweta. Petroli inapotiririka kutoka kwenye nozeli, ile ncha ya pampu ya kumiminia, nayo inaongeza. Chombo kilicho ardhini kinaupeleka umeme huo chini. Kilicho juu ya plastiki hakina njia, umeme unalundikana, na nozeli ikisogea karibu na mdomo wa chombo, cheche inaruka katikati ya mvuke wa petroli. Chombo cha chuma juu ya plastiki ni hatari kupita vyote. Mwaka 1998 taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama kazini, NIOSH, ilitoa onyo kuhusu moto wa namna hii hii, baada ya watu kuungua wakijaza vyombo vilivyo kwenye bodi za pikapu zenye plastiki.

Njia salama ni moja kwa kinga zote: shusha dumu, liweke juu ya ardhi, mbali na gari, nozeli iguse mdomo wa chombo muda wote wa kujaza, kisha pandisha. Zulia na tabaka la kupuliziwa navyo havipitishi umeme, kwa hiyo kubadilisha kinga hakukuondolei kazi ya kushusha. Ukiwa na vijana wanaokusaidia, waambie kwa nini, wasione ni ubishi wa mzee.

Kupulizia

Hapa jina moja linabeba vitu viwili tofauti, na bei mbili tofauti, na watu wanalalamika kwa sababu walilipa moja wakidhani wanapata nyingine.

Ya kwanza ni ya mashine. Maji mawili ya kemikali yanapashwa moto, yanasukumwa kwa nguvu, yanakutana kwenye ncha ya bunduki na kuganda ndani ya sekunde chache tu. Majina makubwa ya kazi hii, Rhino Linings na Line-X, yalianzia California. Tabaka linafika milimita 2 au 3 sakafuni. Ipo ngumu inayostahimili ncha za vyuma, ipo laini kidogo inayoshika mzigo na kupunguza kelele.

Ya pili ni ya boksi, fundi rangi yeyote mwenye kompresa anaweza kuipulizia. Inayojulikana zaidi ni Raptor ya kampuni ya Kiingereza U-POL. Boksi la kawaida lina chupa nne. Kila chupa ina mililita 750, unaongeza mililita 250 za kigandishi, unatikisa, unafunga bunduki yake na kupuliza. Jumla ni lita 4, zinazotosha bodi ya dabo kebini ukipuliza mara mbili. Tabaka lake ni jembamba, chini ya milimita moja. Linazuia mikwaruzo na maji vizuri sana. Jiwe kubwa likianguka, bati litabonyea chini yake kama kawaida, ila rangi huenda isipasuke. Zipo pia za kupaka kwa rola, zenye punje za mpira ndani, kwa asiye na kompresa.

Uzuri wa kupulizia ni kwamba hakuna chini. Maji hayana pa kukaa. Unamwaga ndoo, yanatoka, jua linakausha, na kinachoharibika kinaonekana kwa macho. Kwa mtu wa samaki, hili peke yake linatosha kuifanya iwe ya kwanza kufikiriwa.

Lakini kila kitu kinategemea maandalizi, na maandalizi ndiyo yanayoibwa. Rangi ya zamani lazima ipigwe msasa mpaka ng'ao wote uishe, hata kwenye kona na mifereji, pale ambapo mkono wa fundi unachoka. Mafuta yasafishwe kwa dawa, si kwa kitambaa kikavu. Kutu ikwanguliwe hadi chuma kitupu, kisha praima inayoshika chuma. Matundu ya kutolea maji yazibwe kwa muda wakati wa kupuliza, halafu yafunguliwe, maana nimeona gari lililoziba yote manne na sakafu ikageuka beseni. Fundi akikuambia ulete gari saa tatu uchukue saa saba, anapuliza juu ya ng'ao. Litaanza kubanduka pembeni, maji yataingia katikati, na sasa umeirudia ile plastiki, ila hii haina skrubu za kuifungua. Kutu iliyopakwa juu bila kukwanguliwa inaendelea na kazi yake gizani.

Muulize fundi mambo haya kabla ya kutoa pesa: utafungua kulabu na taa, au utazifunika kwa karatasi ya gundi? Msasa namba ngapi? Utanionyesha bodi ikiwa imepigwa msasa, kabla hujapuliza? Nipakie mzigo baada ya siku ngapi? Kwa aina ya boksi, mimi nilisubiri siku saba, na nilifurahi kusubiri. Uliza pia kama dawa yake inastahimili jua. Nyingine nyeusi huanza kuwa kijivu na kutoa unga ndani ya mwaka mmoja hapa kwetu, ingawa ulinzi wenyewe unabaki.

Na fundi mwenyewe tumfikirie. Vigandishi hivi vina kemikali za isosianeti. Zikipuliziwa zinakuwa ukungu unaoingia mapafuni, na mwili wa mtu ukishaanza kuzikataa anapata pumu isiyoondoka, anashindwa kufanya kazi ya rangi maisha yake yote. Barakoa ya kitambaa haisaidii. Anahitaji barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba, au kwa uchache ile ya vichujio vya kemikali vilivyo vipya, na glavu, na macho yafunikwe. Nilimwona kijana wa miaka ishirini hivi akipuliza ndani ya banda lililofungwa, amefunga fulana usoni. Gari halikuwa langu, lakini nilimsimamisha mwenye banda tukazungumza. Ukipeleka gari mahali, tazama wanavyovaa. Mahali pasipojali mapafu ya kijana, sioni kwa nini wajali kona za bodi yako.

Jambo la mwisho hapa: ikishapuliziwa haitoki. Siku bodi ikihitaji kuchomelewa, tabaka linaungua na kutoa moshi wenye sumu. Mwambie fundi wa kuchomelea mapema, akwangue eneo kwanza na afanye kazi nje penye upepo.

Bati la alumini na marini bodi

Bati la alumini lenye vinundu vya kuzuia utelezi linapendeza, na karakana za Gerezani jijini Dar au za Kirinyaga Road Nairobi watakukatia kwa kipimo chochote. Kwa mizigo ya kuburuta, masanduku ya vifaa, injini, ni imara. Tatizo ni ribiti zinazolishikilia. Kila moja ni tundu kwenye bodi. Tena alumini na chuma vikigusana penye maji ya chumvi, alumini inaliwa na kutoa unga mweupe, na chini ya bati maji yanakaa kama kwenye plastiki. Bara kwenye ukame ningeifikiria. Pwani, hapana.

Marini bodi, ile wanayotumia wajenzi kumwagia zege, ndiyo kinga ya mtu anayetaka kuanza leo na pesa kidogo. Shiti ni futi 4 kwa 8, kwa hiyo sakafu ya dabo kebini haitoki kwa kipande kimoja, itabidi uunganishe vipande. Paka kingo zilizokatwa rangi ya mafuta, maana maji huingilia hapo. Usiipigilie skrubu, iache ilale. Kila wiki inyanyue. Kwa mifugo haifai, inanywa mkojo na harufu haitoki tena.

Uzito nao uhesabiwe, kwa kuwa kila kilo ya kinga ni kilo ya mzigo uliyoikosa, na pikapu za aina hii zinabeba karibu tani moja tu. Kwa sakafu ya mita moja na nusu kwa mita moja na nusu, alumini ya milimita 3 ni kilo 18. Bati la chuma la unene huohuo ni kilo 53. Marini bodi ya milimita 12 inakaribia kilo 17. Mpira wa milimita 10 unaanzia kilo 25 na kupanda. Tabaka la boksi ni kilo chache tu.

Zulia la bodi, ambalo wengine wanaliagiza nje, ni zuri kwa anayelala nyuma ya pikapu yenye kanopi akiwa safarini mbugani. Kwa kazi zetu nyingine silioni.

Kwa mzigo wako

Kama unabeba samaki, dagaa wabichi, chumvi, au unaishi ambako unasikia mawimbi: pulizia. Ya mashine kama mfuko unaruhusu, ya boksi kama fundi unamwamini. Juu yake weka mkeka wa mpira wenye vinundu, utakaotoka kila jioni. Hivi ndivyo bodi yangu ilivyo leo, baada ya sakafu mpya. Mkeka unapokea mipigo na kushika kreti, na tabaka la chini linabaki kuzuia maji. Ukiwa na pesa ya kimoja tu kati ya hivyo viwili, anza na kupulizia.

Kaka yangu wa Handeni tulibishana naye mwezi mzima. Alitaka plastiki, kwa hoja kwamba kwato za ng'ombe zingeukwangua ule upuliziaji. Hoja yake haikuwa ya bure, na zaidi ya kwato, mnyama anayeteleza juu ya plastiki iliyolowa mkojo anaweza kuvunjika mguu kabla hajafika mnadani. Hilo ndilo lililombadilisha. Tukaweka mpira mzito wa mkanda wa kiwandani, na chini yake bodi ikapuliziwa ya boksi. Kila baada ya safari mpira unashushwa, unapigwa maji na sabuni, bodi inaoshwa, mpira unarudi umekauka. Mwaka wa tatu sasa na sakafu haina hata doa.

Mwenye mawe, kokoto, tofali na nondo, mahali pakavu, plastiki ndiyo nitakayompa. Hapa ndipo inapolipa, kwa sababu ya kuta zake na kwa sababu mawe hayana chumvi. Afungue skrubu mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na baada yake, aoshe mchanga wote, aguse rangi palipochubuka. Asipokuwa mtu wa kufungua, na ajijue kwa ukweli, basi alipe zaidi apate upuliziaji wa mashine.

Fundi umeme, fundi bomba, mtu wa vifaa na ngazi: mkeka wa mpira unatosha. Wa familia anayebeba ndizi na mabegi mara moja kwa mwezi, marini bodi au mkeka. Mwenye pikapu mpya kabisa ana bahati ambayo wengi wetu hatuna: bodi ambayo haijaanza kutu. Kwake kupulizia mapema ni rahisi kuliko kwa yeyote, maana hakuna cha kukwangua isipokuwa ng'ao. Asome kwanza masharti ya garantii ya rangi.

Kwa mpangilio wa bei, mara nyingi marini bodi iko chini, inafuata mpira, kisha plastiki na boksi zinakaribiana ukihesabu na ufundi, alumini inategemea unene, na ya mashine iko juu ya zote. Ukipewa bei ya kupulizia iliyo chini ya bei ya plastiki, uliza msasa unalipiwa na nani.

Na siku ya kuchukua gari, kinga yoyote utakayokuwa umeichagua, nenda na ndoo ya maji. Simamisha gari mahali palipo sawa, mwaga ndoo nzima upande wa mbele wa bodi, karibu na kebini. Inama utazame chini. Maji yatoke kwenye matundu yote, na kwa kinga inayolala juu ya bati, rudi baada ya nusu saa, inua ukingo mmoja, pitisha kiganja chako chini yake. Kikitoka kimelowa, mwite fundi palepale, kabla hujampa nusu ya pili ya pesa.